Mgarondi Aliyefeli Kigarondi

Zamani hizi hizi, wala si za kale, palikuwa na nchi iitwayo Makofi. Wasomi wake walisema jina hilo lilitokana na makofi ya kuwashangilia viongozi. Wasiosoma walisema lilitokana na makofi ya shavuni. Raia wenyewe hawakulibishania, kwa sababu aliyechelewa kupiga yale ya kwanza alipata yale ya pili, na maisha yakaendelea.

Ilikuwa nchi ya amani. Ilikuwa na bendera, ilikuwa na Rais, ilikuwa na mito mikubwa, na ilikuwa na mabomba marefu yaliyotoka mitoni mpaka mjini bila kubeba tone la maji. Watu wa nchi ya mbali iitwayo Garondi walisikia habari za mabomba hayo wakahuzunika, wakaahidi kuleta mashine za kuvuta maji visimani. Nchi nyingine ingepata habari hiyo ingekwenda kutafuta mahali pa kuchimba visima. Makofi haikuwa nchi ya papara namna hiyo.

Waziri wa Mambo ya Wageni, Mheshimiwa Debe, alipanda jukwaani uwanjani akasema:

"Ndugu wananchi! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona vipi, ikiwa hajui kumwambia mgeni njoo? Kuanzia leo lugha ya maendeleo ni Kigarondi. Mtumishi wa serikali asiye na cheti cha Kigarondi ahesabu hana kazi. Na ninyi wengine msiwe na wasiwasi wowote, maana ninyi kazi hamna tayari."

Watu wakapiga makofi.

Katika siku hizo hizo, kwa bahati tu, kama bahati zinavyotokea katika nchi zenye bahati, kikafunguliwa Chuo cha Juu cha Kigarondi. Mwenye chuo alikuwa Profesa Madaha, mtu mrefu aliyevaa skafu ya zambarau shingoni hata jua lilipokuwa la kupasua mawe. Kwa bahati ile ile, alikuwa shemeji yake Mheshimiwa Debe.

Sasa, katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi mwanamke aliyeitwa Bi Mwamvua Singano. Alikuwa mkaguzi wa mizani wa serikali katika soko kuu. Kazi yake ilikuwa kupita kwa wauza nyama na wauza mchele, kuinua sahani ya mizani na kutazama chini yake. Alikwishakuta huko sarafu, nta, vipande vya risasi, na safari moja mjusi mkavu aliyeshonewa kwa uzi. Kazi kama hiyo haimwachi mtu alivyokuwa. Ukimwambia Bi Mwamvua habari za asubuhi, alikuwa anakutazama kwanza, kisha ndiyo anasema njema.

Mumewe, Bwana Habili, alikuwa mtu laini, msaidizi wa katibu msaidizi katika wizara ya Mheshimiwa Debe. Alipenda mambo mawili duniani: shati lililopigwa pasi vizuri, na kukaa kibarazani na mkewe akimsimulia umbeya wa ofisini, nani amegombana na nani juu ya kiti. Mtoto wao Riziki alikuwa ameolewa mbali, na wao wawili walikuwa wakijenga nyumba yao polepole. Kuta zilikuwa zimesimama. Mabati yalikuwa yameegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya kupanga, yakingoja siku yake.

Jioni moja Habili alirudi kutoka kazini, akakaa, hakusimulia umbeya.

"Mama Riziki," alisema, "nimefikiria lile shamba la mikorosho alilokuachia marehemu mama."

"Umelifikiria limekukosea nini?"

"Ada ya chuo ni kubwa. Tukiliuza, ninasoma mpaka Daraja la Almasi. Wenzangu wote wamekwisha jiandikisha. Yule Tibu anayekaa mlangoni naye amejiandikisha. Nikibaki peke yangu nitafukuzwa."

"Kabla sijauza kitu," alisema Bi Mwamvua, "nataka nikaione hiyo lugha."

*

Wakaenda chuoni. Profesa Madaha aliwapokea katika chumba chenye zulia nene hata mtu akajiona anazama. Kwenye ukuta palikuwa na picha kubwa ya Profesa akitazama picha nyingine ya Profesa.

"Profesa," alianza Bi Mwamvua, "Kigarondi wewe ulijifunzia wapi?"

"Ah, mama," alisema Profesa kwa upole. "Jibu la swali hilo hutolewa Daraja la Dhahabu."

"Je, hapa chuoni hakuna Mgarondi hata mmoja, tukamsikia anavyosema?"

Profesa alicheka, akamtazama Habili kama mtu anayempa mwenzake pole. "Wenyeji? Mama yangu, wenyeji ndio wanaoiharibu lugha. Wanaisema ovyo ovyo tu mitaani, tena bila kulipa."

"Basi kamusi. Nioneshe kamusi."

"Kamusi ni ya maskini."

"Na mbona ghali hivi?"

Hapo Profesa aliinuka, akairekebisha skafu yake. "Mama, nikuulize na mimi. Ingekuwa rahisi, ungeamini kwamba ni kitu?"

Lilikuwa jibu zuri sana, na hilo ndilo lililomtia hofu. Katika miaka yake yote sokoni, mwenye mizani ya haki hakuwahi kuwa na jibu zuri. Mwenye mizani ya haki hukasirika, hukutukana, hukwambia pima mwenyewe. Wenye maneno matamu ndio waliokuwa na nta chini ya sahani.

Njiani alimwambia mumewe, "Baba Riziki, yule mtu ni tapeli."

"Kila mtu kwako ni tapeli," alijibu Habili kwa uchungu. "Hata kasisi aliyetufungisha ndoa ulimkagua."

"Na nikamkuta hana kitu, nikanyamaza. Huyu shamba langu halipati."

Habili hakubishana. Lakini wiki iliyofuata Bi Mwamvua alirudi kutoka sokoni akakuta ukuta wa nyumba yao u mtupu. Mabati yote yalikuwa yamekwenda, na juu ya meza palikuwa na risiti yenye nembo ya chuo, imekandamizwa kwa kikombe ili isipeperuke.

Hakupiga kelele. Alikwenda nje akatazama mahali mabati yalipokuwa yameegemea, ambapo nyasi zilikuwa nyeupe kwa kukosa jua, akasimama hapo mpaka jirani akamwuliza kama amepoteza kitu.

*

Masomo yalikuwa ya hali ya juu. Katika Daraja la Shaba wanafunzi walikatazwa kabisa kutamka Kigarondi, wasije wakakichafua. Walikaa kimya, Profesa akakohoa mbele yao kwa lafudhi. Katika Daraja la Fedha walifundishwa kutikisa kichwa kama watu walioelewa. Mtihani wake ulikuwa mgumu, maana ilibidi utikise kabla ya mwenzako. Katika Daraja la Dhahabu walijifunza kusema "mmm" kwa pua. Na aliyefika Daraja la Almasi alivishwa skafu ya zambarau, akafunguliwa mdomo kwa sherehe, akaanza kusema.

Habili alifika Almasi. Alipewa skafu mbele ya wizara nzima, na Mheshimiwa Debe mwenyewe akamkumbatia. Tangu siku hiyo alikatazwa kusema lugha ya nyumbani, kwa kuwa Almasi, kama alivyoeleza Profesa, huchubuka.

Chakula cha jioni kikawa mtihani.

"Shervontu," alisema Habili, ameketi wima kama mwari.

Bi Mwamvua alimpa maji. Habili akatikisa kichwa kukataa. Akampa chumvi, akatikisa. Akampa pilipili, ndimu, kitambaa cha mikono. Mwisho Habili akatazama mlangoni kama kuna mtu, akanyoosha kidole kidogo sana kuelekea kwenye upawa. Bi Mwamvua akampakulia mchuzi, wakala. Walielewana vizuri tu kwa vidole, lakini hawakuzungumza. Umbeya wa ofisini ulikufa. Kibarazani walikaa kama abiria wawili wanaongoja magari tofauti.

Mkaguzi ni mkaguzi. Bi Mwamvua akaanza kutega. Leo anaweka gilasi ya maji mbele ya mumewe na kuuliza, "Haya kwa Kigarondi ni nini?" Kesho anaweka gilasi ile ile. Siku ya kwanza yakawa *flamurenso*. Siku ya pili yakawa *bizobi*. Siku ya tatu Habili alikohoa tu.

"Jana yalikuwa bizobi," alisema Bi Mwamvua.

Habili akainama, akanong'ona kwa lugha ya watu: "Inategemea hali ya hewa."

Alinong'ona bila kumtazama. Bi Mwamvua aliliona hilo, akaliweka moyoni.

*

Hatimaye mgeni akaja.

Aliitwa Arvesto Belk, Mgarondi wa kuzaliwa, fundi wa mashine za maji. Wamakofi walikuwa wametarajia mtu wa kutisha, mwenye medali. Walimwona mtu mfupi, mnene kidogo, mwenye grisi kwenye kucha na begi moja. Mashine zake zilikuwa bandarini ndani ya masanduku. Alitakiwa tu aoneshwe visima.

Badala yake alipelekwa Ukumbi wa Shangwe. Rais alikuwapo, mabalozi walikuwapo, na viti vyote vya mbele vilikuwa vya zambarau kwa skafu. Wake za watumishi waliwekwa pembeni, na Bi Mwamvua alikuwa miongoni mwao. Mkalimani wa taifa alikuwa Bwana Habili Singano, aliyepata alama za juu kuliko wote.

Mgeni alisimama. Akasema maneno machache, akanyoosha kidole sakafuni, kisha akapandisha na kushusha mkono kama anayepima urefu wa kwenda chini.

Ukumbi ukangoja. Bi Mwamvua aliona jasho likitoka chini ya skafu ya mumewe na kuingia katika kola iliyopigwa pasi.

"Anasema," alitamka Habili, "hekima ya Rais wetu ni kisima ambacho hakuna kamba ya kufika chini yake."

Makofi. Mgeni alishangaa, akageuka huku na huku. Akasema tena, safari hii akikamata mpini usioonekana na kuusukuma juu na chini kwa nguvu.

"Anasema mmepiga kidogo. Anaomba mzidishe."

Makofi yakazidi mpaka vumbi likatoka kwenye mapazia. Mgeni akafuta uso. Halafu akaisogelea maikrofoni na kusema, kwa lugha ya Makofi kabisa, ingawa yenye kona kona:

"Jamani, samahani. Mimi nauliza visima viko wapi. Huyu bwana ananikoroga."

Rais alimtazama Debe. Debe alimtazama Profesa. Profesa alitazama dari.

"Umejifunzia wapi lugha yetu?" aliuliza Debe.

"Gereji," alisema mgeni kwa furaha, maana hatimaye kuna mtu amemwuliza kitu. "Kule kwetu nimefanya kazi na Wamakofi wawili. Mchana tunakula sahani moja. Nikikosea wananicheka. Nimejifunza bure kabisa!"

Neno *bure* lilianguka ukumbini kama tusi. Mama mmoja alimziba mtoto wake masikio.

Lakini Mheshimiwa Debe hakuwa waziri kwa bahati mbaya. Alivuta pumzi akasimama.

"Waheshimiwa, tusibabaike. Nani kati yetu hajawahi kukutana na mtu asiyejua lugha ya kwao? Mgeni wetu ametoka mbali. Ametikiswa na ndege. Kigarondi chake kimemwagika njiani. Je, Wamakofi ni watu wa kumcheka mgeni aliyepatwa na msiba? Hapana! Tutamsomesha!"

Watu walipiga makofi kwa nguvu ya mtu aliyeokolewa kwenye maji. Bwana Belk alidhani ni mzaha wa kiutamaduni, akapiga pia.

*

Haukuwa mzaha. Asubuhi iliyofuata alichukuliwa na gari la serikali mpaka chuoni, akapewa daftari jipya na kalamu. Ada yake ilipatikana kwa kuuza mashine mbili za maji. Za vitabu ikauzwa moja zaidi.

Aliwekwa katika Darasa la Wagumu, lililokuwa la watumishi waliokataa kujiandikisha kwa hiari wakakatwa ada kwenye mshahara bila kuulizwa. Ndiyo maana kwenye dawati aliloelekezwa alimkuta mama mmoja amekunja mikono na kumtazama kwa jicho la upande.

Bi Mwamvua alimkagua mwanzo hadi mwisho. Viatu, grisi, begi. Alishuku kwamba huenda na huyu ni mtu wa Profesa, aliyetumwa kuwachunguza wagumu. Lakini alimwona jinsi anavyomsikiliza Profesa: amekunja uso, ameinama mbele, kama fundi anayesikiliza injini yenye mlio asioufahamu. Siku moja, Profesa alipowageuzia mgongo, Bi Mwamvua alisogeza chupa yake ya maji katikati ya dawati.

"Kwenu," alinong'ona, "haya yanaitwaje?"

"*Oldu*," alisema Belk.

Kesho yake alimsogezea tena. "*Oldu*," alisema Belk. Mvua ilinyesha, akamsogezea. "*Oldu*, mama. Sasa utakunywa lini?"

Mtu aliyeshuku jambo kwa muda mrefu hufikiri kwamba siku ya kulijua atafurahi. Bi Mwamvua hakufurahi. Aliwafikiria wote waliouza nyumba na ng'ombe, aliwafikiria wenye skafu kwenye kila ofisi na kila barabara, kisha akaifikiria kola ya mumewe iliyolowa. Akaona kwamba sokoni ilikuwa kazi nyepesi. Sokoni mwenye mizani ya uongo ni mmoja, na wanaopunjwa wote wako upande wako.

Mtihani ulikuja. Profesa aliwaamuru wanafunzi wasalimie kwa Kigarondi. Bi Mwamvua alikaa kimya kwa ukaidi, akapewa alama arobaini kwa kutokiharibu. Bwana Belk alisimama akasalimia kama alivyomsalimia mama yake tangu utotoni.

"Lafudhi!" alilia Profesa, akijiziba uso. "Lafudhi gani hiyo! Sifuri!"

Na kwa kuwa mtu aliyepata sifuri katika Kigarondi hawezi kuwa Mgarondi, jioni hiyo polisi walimkamata Bwana Belk kwa kosa la kujifanya Mgarondi bila cheti.

*

Jumapili mchana Habili alikuwa akipiga pasi. Alikuwa ameitwa mahakamani kutafsiri kesi. Bi Mwamvua alisimama mlangoni.

"Maji ni *oldu*," alisema.

Pasi ikasimama juu ya shati.

"Yakiwa kwenye chupa ni oldu, mvua ikinyesha ni oldu, hali ya hewa iwe yoyote ile. Nimepima."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ikaanza kutoka. Habili hakuinua pasi.

"Najua," alisema. Alisema kwa lugha yao, kwa sauti yake ya zamani. "Sijui kwamba ni oldu. Lakini najua kwamba si yale ninayosema mimi. Nilijua tangu Daraja la Fedha. Nilikuwa natikisa kichwa, nikamtazama mwenzangu wa kulia, naye ananitazama mimi aone kama nimeelewa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema kwa lugha gani, Mama Riziki?" Akacheka, kicheko kibaya. "Mabati nimekwisha uza. Nikisema ni uongo, basi nimeuza mabati yetu bure. Nikinyamaza, angalau nimeyauza kwa Almasi. Na wote pale ni hivyo hivyo. Unadhani Tibu hajui? Tibu ameuza ng'ombe wa mahari ya binti yake."

Bi Mwamvua alikuwa ameandaa maneno mengi, makali, ya tangu siku ile ya nyasi nyeupe. Badala yake alikwenda akainua pasi. Shati lilikuwa na doa la kahawia mgongoni lenye umbo la jahazi dogo.

"Yule mtu watamfunga," alisema.

"Watamfunga."

"Ana mama kwao."

"Kila mtu ana mama kwao," alisema Habili, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Mimi sikwambii useme nini kesho. Lakini nitakaa mbele."

*

Hakimu alikuwa na skafu. Mwendesha mashtaka alikuwa na skafu. Hata askari mlangoni alikuwa na kipande cha skafu, cha Daraja la Shaba. Bwana Belk alisimama kizimbani amekonda, na alipoulizwa kama ana la kujitetea alianza kujibu kwa lugha ya Makofi, lakini Hakimu akagonga meza.

"Mshtakiwa anadai ni Mgarondi. Ajitetee kwa Kigarondi. Mahakama ina mkalimani."

Basi Belk akasema kwa lugha yake. Alisema kwa muda mrefu, polepole, na katikati sauti yake ilikatika akaanza upya. Hakukuwa na mtu aliyeelewa neno, na hata hivyo mwanamke mmoja nyuma alianza kupenga kamasi. Vichwa vyote vyenye skafu vilitikisika kwa pamoja, kama mashamba yanayopigwa na upepo mmoja.

"Mkalimani," alisema Hakimu.

Habili alisimama. Alimtazama Hakimu, akamtazama Mheshimiwa Debe aliyekaa mbele. Profesa alikuwa pembeni ya Debe, anatabasamu. Kisha Habili akamtazama mkewe. Bi Mwamvua alikuwa anamkazia macho kama anavyokazia mshale wa mizani kabla haujatulia. Hakumpa ishara yoyote.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema Habili, "sikuelewa hata neno moja."

"Rudia?"

"Sijui Kigarondi. Sijawahi kukijua. Yale niliyotafsiri mbele ya Rais niliyatunga."

Kelele zikapanda. Hakimu aligonga meza mpaka rungu likachomoka kichwa. "Nani humu ndani," alinguruma, "nani atatafsiri? Mwendesha mashtaka! Wewe una Almasi!"

Mwendesha mashtaka alitazama viatu vyake. Debe alitazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri, vya ngozi, na siku hiyo vilitazamwa kuliko siku yoyote tangu vinunuliwe. Kisha mmoja akakumbuka kwamba Hakimu mwenyewe ana Almasi, na macho yakaanza kuinuka kumwelekea. Hakimu akaona akaanza kukohoa.

"Nimesema," alitamka Belk kizimbani, kwa lugha yao, taratibu kama mtu anayewasemesha watoto, "mashine zilizobaki, chukueni. Mimi naomba kwenda nyumbani."

Hukumu ilitolewa siku hiyo hiyo. Kwa kuwa utetezi wa mshtakiwa haukueleweka kwa Kigarondi, na kwa kuwa ulieleweka sana kwa lugha nyingine isiyoruhusiwa, mahakama ilimwona hana hatia ya kujifanya Mgarondi, bali ni mtu asiye na lugha yoyote, na mtu wa namna hiyo hawezi kukaa nchini. Aondoke kwa ndege ya kwanza. Mashine zilizobaki ziende kwa Mheshimiwa Debe, zikatunzwe.

Habili alivuliwa skafu mlangoni, akaambiwa asionekane tena wizarani. Alitembea na mkewe kurudi nyumbani mchana kweupe, na waliomfahamu walivuka barabara wakapita upande wa pili. Tibu alivuka, akageuka kumtazama, akavuka tena, kama mtu asiyejua anakokwenda.

"Unanionea aibu?" aliuliza Habili.

"Mabati yangu sijakusamehe," alisema Bi Mwamvua. Wakaenda hatua kadhaa. "Lakini nilitaka kukuuliza. Yule mwendesha mashtaka, ni yeye aliyegombana na Katibu juu ya kiti?"

Habili alisimama katikati ya njia. "Kiti?" alisema. "Mama Riziki, hicho kiti ni habari ndefu." Akaanza kusimulia, na mpaka wanafika nyumbani alikuwa hajafika nusu.

*

Msomaji atadhani kwamba chuo kilifungwa. Basi msomaji huyo anaishi nchi nyingine.

Profesa Madaha alijitokeza redioni na sauti ya huzuni. Alisema ni kweli, kumegundulika kasoro. Uchunguzi wake mwenyewe umemwonyesha kwamba wananchi walifundishwa Kigarondi cha kawaida, wakati Wagarondi wa siku hizi wanatumia Kigarondi Asilia. Ndiyo sababu hawakumwelewa mgeni, wala kosa si la mtu. Kozi ya Kigarondi Asilia itaanza mara moja. Ada ni mara mbili, kwa kuwa ni asilia. Wenye Almasi watapewa nafasi za kwanza.

Bi Mwamvua aliisikia habari hiyo akiwa sokoni, ameinua sahani ya mizani ya muuza dagaa. Aliishusha. Aliona ni lazima akaone kwa macho yake, akafunga kazi mapema akaenda.

Foleni ilianzia mlangoni mwa chuo, ikazunguka ukuta, ikavuka barabara, ikapita mbele ya ofisi ya posta. Alitembea kando yake akihesabu sura. Mwendesha mashtaka alikuwapo, amevaa kofia kubwa. Hakimu alikuwapo na mwavuli. Yule mama aliyemziba mtoto masikio alikuwapo, na mtoto naye. Tibu alikuwapo, amekumbatia mfuko wa fedha kifuani kama mtoto mgonjwa, na Bi Mwamvua alipomwita kwa jina alijifanya hasikii.

"Tibu, ndugu yangu, mliona wenyewe mahakamani!"

"Ile ilikuwa ya kawaida, mama," alisema Tibu bila kugeuka. "Hii ni asilia."

Alifika mwisho wa foleni akasimama, amekunja mikono, akiutazama ule msururu wa migongo. Alitaka kuona ni nani mwenye kuanza, ni nani anayeingia tu kwa sababu mbele yake pana mtu. Alitazama kwa makini, kama anavyotazama siku zote, bila haraka. Alipotosheka aligeuka aondoke.

Nyuma yake walikuwa wamekwisha jipanga watu zaidi ya kumi. Wa kwanza wao, kijana wa sokoni mwenye suti ya kuazima, alimwinamia kwa heshima.

"Shikamoo mama. Na wewe uko foleni ya Asilia?"

"Mimi natazama tu," alisema Bi Mwamvua.

Kijana aligeuka kwa wenzake, uso umemng'aa.

"Mnaona?" aliwaambia. "Hata mkaguzi wa mizani amesimama hapa!"